Mama Mkwe Nyuma ya Pazia

Jumatatu, 24 Februari 2025

Siku ya kumi na tatu. Nanyama bado hajaamka.

Daftari hili nimelitoa karakana, ni lile la kuandikia oda za mageti. Kurasa za mbele zina vipimo vya madirisha ya watu, nimezikunja. Daktari alisema niandike kila ninachoona, hata kikiwa kidogo namna gani. Kope ikicheza, andika. Sawa, naandika. Leo kope haijacheza.

Pikipiki iliyombeba iliteleza kwenye changarawe huko Kabuchai, akitoka kuwafundisha wakulima kupima udongo. Dereva alivunjika kidole kimoja. Mke wangu akagonga kichwa. Ndiyo maana amelazwa hapa Bungoma na si kwetu Kitale, na mimi nimekodi chumba karibu na hospitali, kitanda na ndoo, basi.

Tuna zamu, mimi na mama mkwe. Yeye asubuhi mpaka saa saba, mimi kuanzia saa saba mpaka wageni tufukuzwe. Hatukupanga kwa mdomo. Ilijipanga yenyewe, kwa sababu kwa Wabukusu mama na mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono, hawatazamani usoni. Ni heshima. Kwa watu wangu wa mlimani tunaheshimu mama mkwe pia, lakini hii ya kwao ni ya kutoroka kabisa! Miaka mitatu ya ndoa na sijawahi kuuona uso wake wote kwa mara moja. Namjua kwa kitambaa cha kichwa na kwa sauti. Tukikutana kwenye korido anageukia ukuta, anasoma tangazo la chanjo. Mimi nakagua viatu vyangu.

Leo nesi Jepkemboi ameniuliza kama tumekosana na yule mama. Nikamwambia hapana, tunaheshimiana. Akasema heshima yenyewe mbona inafanana na kesi.

Jumatano, 5 Machi

Kope imecheza! Jicho la kushoto, saa tisa na dakika ishirini.

Nilikuwa namwambia habari ya Kipchirchir, fundi wangu niliyemwachia kazi Kitale. Amepima geti la kanisa vibaya, limezidi nguzo kwa inchi nne, na askofu anakuja Jumapili. Hapo ndipo kope ikacheza. Daktari anasema huenda ni misuli tu. Mimi nasema alitaka kucheka. Nanyama hupenda sana makosa ya watu wengine.

Nimemwachia Jepkemboi ujumbe ampe mama mkwe asubuhi. Tumemfanya nesi posta.

Ijumaa, 14 Machi

Amefungua macho.

Nilidhani siku hiyo ikifika nitapiga kelele. Sikupiga. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuwa yanaangalia kitu. Yalipita juu yangu yakaenda dirishani, yakarudi, yakapita tena. Nikamwita. Nikamwita kwa jina la utani. Hakuna.

Nikatoka nje nikasimama kando ya tangi la maji, nikalia. Sikujua kwamba mama mkwe hajaondoka. Alikuwa upande wa pili wa tangi, naye amesikia. Akanigeuzia mgongo, akaanza kuimba wimbo wa kanisa, polepole sana. Tukakaa hivyo, mgongo kwa mgongo, tangi katikati, mpaka wimbo ukaisha.

Jumapili, 23 Machi

Neno la kwanza leo asubuhi, na mimi sikuwepo. Amesema "kamechi". Ni maji, kwa Kibukusu. Mama akampa kijiko kimoja, akasema tena.

Nimefurahi, Mungu anajua. Lakini niandike ukweli, maana hakuna atakayesoma: nimeona wivu pia. Siku arobaini nimekaa pale nikiongea mpaka koo likakauka, na neno lenyewe limetoka kwa zamu ya mtu mwingine, tena kwa lugha nisiyoijua!

Jumamosi, 29 Machi

Siku mbaya. Naandika kifupi.

Phelista, mdogo wake, amekuja. Ni mwalimu hapa Bungoma, hajaolewa, anaongea kama redio. Wako wawili tu kwa mama yao, yeye na Nanyama. Tulikubaliana yeye amwambie dada yake mimi ni nani, kwa sababu Nanyama anaongea Kibukusu peke yake sasa, Kiswahili kimepotea chote.

Phelista akamwambia. Nanyama akanitazama, akavuta shuka mpaka kidevuni. Akasema hana bwana. Akasema mimi ni mtu mzima, nisidanganye watoto wa watu. Anadhani bado anasoma chuo cha kilimo cha Mabanga, kwamba asubuhi ni zamu yake ya kukamua ng'ombe. Akalia mpaka akang'oa dripu.

Daktari amenikalisha chini. Anasema kama miaka mitano ya nyuma imefutika. Inaweza kurudi yote, au nusu, au isirudi. Msimlazimishe, msibishane naye, msimwambie tena mpaka aulize mwenyewe. Wewe kuwa karibu tu, uwe mtu mzuri.

Miaka mitano. Mimi na yeye tumejuana minne. Na hatuna mtoto bado, wa kumwonyesha nikasema, ona, masikio haya ni yako.

Alhamisi, 10 Aprili

Tuko nyumbani Kitale. Amekuja amelala kwenye kiti cha nyuma, kichwa kwenye paja la Phelista. Mashamba yote njiani yamelimwa, watu wanapanda.

Mzee Bramwel, mjomba wake, hakutaka. Alinivuta kando hospitalini akaniuliza kwa upole: "Sasa mkwe, mtu hakujui, atakaa kwako kama nani?" Daktari ndiye aliyeniokoa, alisema mama wa mazoezi ya viungo, mzuri, yuko Kitale, hatua mia mbili kutoka kwangu. Mzee akasema basi, mpaka katikati ya Mei. Akiwa bado hakujui, tunampeleka Kabuchai kwa mama yake.

Na Kabuchai mimi siwezi kulala. Kwa mama mkwe! Nitakuwa mgeni wa kupiga hodi, kunywa chai chini ya mti na kurudi. Wakimpeleka, nimempoteza. Mzee hajasema hivyo, lakini sote tunajua.

Mama naye hawezi kulala chini ya paa langu. Mary Ann, jirani yetu, amempa kitanda ng'ambo ya ua. Mchana anakuja kumlisha na kumwogesha. Usiku Phelista analala chumbani na dada yake, shule zimefungwa. Mimi niko sebuleni kwenye kochi, miguu nje.

Nimetundika pazia zito kwenye ujia wa kwenda jikoni. Nikikaribia nakohoa, mama anapita nyuma ya pazia, mimi naingia. Nakohoa siku nzima. Jioni Mary Ann ameniletea dawa ya kikohozi.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mama na Mary Ann wameenda kanisani, nimepata nafasi ya kukaa naye bila kukohoa.

Amenona kidogo. Mkono wa kulia unashika kikombe, wa kushoto bado mvivu. Nilikuwa napima ukuta. Nataka kumtengenezea vyuma vya kushikilia, kutoka kitandani mpaka chooni. Akaniangalia nikipima, akamuuliza Phelista kitu. Phelista akajifanya hajasikia. Nikamwambia, toa tu.

"Anauliza huyu mtu wa vyuma anaendanga kwao lini," Phelista akasema. "Ati bibi yake si atakasirika?"

Nikasema mwambie bibi yake ni mpole.

Phelista akakataa kutafsiri. Akaenda jikoni, nikasikia anaosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Jumatatu, 28 Aprili

Phelista amerudi shuleni. Mary Ann ndiye anayelala na Nanyama sasa, lakini ana duka la kufungua saa kumi na mbili, na mgongo unamsumbua. Hawezi kwa muda mrefu, amesema wazi.

Kiswahili kinarudi! Kwanza anakielewa, sasa anakiongea kidogo kidogo, anatafuta neno kama mtu anayetafuta swichi gizani. Leo nimempa uji. Akanywa wote. Akasema, "Asante, fundi."

Fundi. Sawa. Wengine wanaanzia chini zaidi.

Jumatano, 7 Mei

Vyuma vimeisha. Bomba la inchi moja na nusu, nimelisugua kwa msasa mpaka hakuna pa kukwaruza mkono. Nimechomelea vishikio vya ukutani mwenyewe, Kipchirchir sikumwachia hata kimoja.

Mama wa mazoezi akaja saa nne, akasema jaribu. Nanyama akasimama. Akashika. Hatua moja. Mbili. Sita! Mama wa mazoezi akapiga makofi, akaaga, ana mgonjwa mwingine. Nanyama akasema anataka tena, peke yake. Kichwa kigumu ni kile kile. Hicho hakikufutika.

Kosa ni langu. Kwenye mlango wa choo niliacha nafasi bila chuma, ili mlango ufunguke. Hatua moja tu ya hewa. Akaachilia huku, akanyoosha mkono kule, akakosa. Nikaruka kutoka sebuleni. Mama akatoka nyuma ya pazia. Tukamdaka pamoja kabla kichwa hakijafika chini. Mikono yangu ilikuwa chini ya mgongo wake, na mikono ya mama ikawa juu ya mikono yangu, imeibana.

Hapo ndipo nikauona uso wake, wote. Ana mwanya. Ana mwanya kama wa Nanyama, na sikuwahi kujua.

Tukambeba mpaka kitandani. Hakuumia. Halafu mama akajifunika leso kichwani, akatoka mbio, viatu akaviacha mlangoni. Nanyama alimwangalia akienda. Akaniangalia mimi.

Alhamisi, 8 Mei

Mama hajaja. Mary Ann anasema amekaa kitandani anaomba, hataki chai. Ati amemshika mkwe.

Nanyama hajala. Nimempa uji, amegeuza uso. Anamuulizia mama yake, "Mayi yuko wapi?" Nikasema yuko kwa jirani. Akauliza, "Umemfanya nini?" Kiswahili safi kabisa! Nimekingoja miezi mitatu, na kinakuja kunigombeza.

Jioni mzee Bramwel amepiga simu. Habari inafika Kabuchai haraka kuliko mvua. Hakunilaumu. Anasema kuna njia mbili. Ya kwanza, mbuzi achinjwe, mama apewe blanketi jipya, wazee waseme maneno yao. Heshima ile inafunguliwa, tunaweza kusalimiana kwa mkono, kula meza moja, na mama kulala chumba kimoja na mtoto wake. Ya pili, tumlete Nanyama nyumbani. Nichague. Watakuja Jumamosi ya tarehe kumi na saba, kwa mbuzi au kwa mgonjwa.

Sikuhitaji kufikiria. Nikasema mbuzi.

Jumatatu, 12 Mei

Nimeongea na mama, ua katikati. Yeye upande wa Mary Ann anachambua kunde, mimi upande wangu nimeshika nyundo bila sababu.

Nikamwambia pole kwa ya Jumatano. Akasema, "Hapana pole, mkwe. Ungekuwa umekaa mbali ndio ungeomba pole."

Nikamuuliza kama mbuzi anamsumbua moyo. Nikasikia maganda ya kunde tu. Halafu akasema yeye si mtu wa kuogopa miko, yeye ni mtu wa kanisa. Lakini mama yake alimkwepa mkwe wake mpaka siku ya kufa, na yeye alidhani atafanya hivyo hivyo. "Nilikuwa nimezoea kukuheshimu," akasema. "Nitakuheshimu aje tena, kama nitakuona ukimenya ndizi mezani?"

Nikacheka. Naye akacheka. Akasema sawa, kwa sababu ya mtoto. Jioni akarudi kumlisha, nyuma ya pazia kama kawaida mpaka Jumamosi. Nanyama amekula sahani mbili.

Amekuwa mwangalifu sana siku hizi, Nanyama. Haongei mengi lakini macho yanafuata kila mtu. Yale macho yaliyokuwa yanapita juu yangu sasa yanasimama. Sijui yanatafuta nini. Siulizi. Daktari alisema aulize mwenyewe.

Ijumaa, 16 Mei

Mbuzi nimemtoa kwa mfanyabiashara wa Suam, dume jeusi lenye dharau. Amefungwa nyuma ya nyumba. Amekula kamba moja tayari. Blanketi ni la rangi ya samawati, Mary Ann ndiye aliyechagua.

Mama wa mazoezi amekuja kwa mara ya mwisho wiki hii. Nanyama ametembea mpaka mlango wa mbele na kurudi. Ile nafasi ya chooni nimeiziba kwa chuma cha kukunja, kinafunguka na mlango.

Lazima nifurahi, na nimefurahi. Kesho mama atalala humu. Nanyama habebwi kwenda popote. Mtu wa vyuma atabaki na kochi lake. Nimejiambia nitaweza kuishi hivyo mwaka, miaka miwili. Nimemuuliza Mungu kama ni lazima iwe zaidi ya hapo.

Jumamosi, 17 Mei, asubuhi

Saa tatu. Wazee wametuma ujumbe wako Kiminini, wanakuja. Naandika nimekaa kwenye kiti kando ya kitanda, daftari gotini, sijui kama nitamaliza mstari.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nimebeba sufuria kubwa ya Mary Ann kwa mikono miwili, na mawazo yako kwa mbuzi. Nikaingia bila kukohoa. Mama alikuwa anamlisha Nanyama uji. Aliponiona, kijiko kikabaki hewani, akaruka, akapita nyuma ya pazia, kiatu kimoja kikabaki huku. Mwanamke wa miaka sitini na mbili!

Nanyama akacheka. Sijasikia kicheko hicho tangu Februari. Halafu akaacha kucheka ghafla, akatazama kile kiatu.

"Mbona anakukimbia?" akaniuliza.

Mimi nikasema, "Ni heshima tu."

"Mayi hakumkimbia daktari." Alikuwa anaongea polepole, kila neno analipima kwanza. "Kipchirchir hamkimbii. Pasta amekuja hapa, hakumkimbia. Ni wewe tu."

Nikaweka sufuria chini.

"Siku ile nilianguka, alikushika mkono," akasema. "Akaenda kulia siku tano. Ati amekushika mkono." Akatafuta neno. "Kwetu mama anakimbianga mtu mmoja."

Daktari alisema aulize mwenyewe, na sasa alikuwa anauliza!

"Phelista ameolewa?"

Nikasema, "Bado."

"Usinidanganye."

"Bado. Muulize."

Akainua mkono wa kushoto, ule mvivu. Akakunjua kidole kimoja kwa kukisaidia na mkono wa kulia. "Phelista," akasema. Akakunjua cha pili. Hakutaja jina. Akakitazama kile kidole cha pili muda mrefu, akanitazama mimi, akarudi kwa kidole.

Ndipo mama akaongea nyuma ya pazia.

"Mkwe. Wazee wakifika, waambie mbuzi angoje. Mimi sitoki hapa, acha nikukimbie mpaka amalize kuhesabu."

Nanyama alilisikia lile neno, mkwe. Niliona limeingia. Hakulia, hakuvuta shuka. Akaniambia kaa, nikakaa. Akaniuliza jina langu lote, la baba na la babu, nikamtajia. Anauliza moja, kisha lingine. Tulikutana wapi. Nikasema Mabanga, siku ya maonyesho ya wakulima, nilikuja kurekebisha jukwaa lao. Akasema hakumbuki jukwaa. Nikasema si kitu, lilikuwa jukwaa baya.

Sasa gari linapiga honi getini. Mbuzi analia. Nimeinuka nikafungue, akashika mkono wa shati langu, "Usitoke." Nimekaa tena. Mary Ann atawafungulia, au wangoje.

Hajasema ananijua. Amesema nisitoke.